Bwana Ngurumo Anakosa Umeme

Baba yangu Mwilambwe alichora mamba-muntu mara mia mbili na zaidi,
mkia wa samaki, saa mkononi, nywele hadi kiunoni,
juu ya magunia ya unga yaliyonyooshwa kwa misumari.
Aliuza Kenya, aliuza Kamalondo, nyingine zilifika Likasi kwa treni.
Hakuna aliyemwandikia barua.
Mamba-muntu alikuwa wa mto, na mto hauna karani.

Mimi nilirithi mkono, sikurithi gunia.
Nachora kwa kidole, kwenye simu yenye ufa,
usiku, umeme ukikumbuka Katuba saa nane,
picha kumi na mbili kwa sekunde moja ya kicheko.

Bwana Ngurumo si wangu. Ana wenyewe,
wana jengo la vioo mji nisioujua.
Koti la buluu, ngumi mbili za radi,
anaokoa miji isiyo na mashimo barabarani.

Nikamshusha kwetu.
Nikampa deni la makala.
Nikamsimamisha ofisi ya umeme, ngumi zimezima,
mkononi bili ya nyumba iliyobomolewa zamani,
na karani, bila kuinua macho:
"Papa, rudi kesho, mashine iko inalala."

Ngurumo ni sauti ya dada yangu Kamwanya,
chini ya blanketi, majirani wasimsikie akinguruma.
Karani ni mama. Hakujua tunamrekodi;
alikuwa akigombana na muuza kapenta.

Siku nne, watu elfu arobaini.
Fundi baiskeli wa kona akakataa pesa yangu ya upepo.
Watoto wakimwona polisi wa njia panda, mbio:
"Papa, rudi kesho!"

Siku ya tano barua ikaingia.
Haikubisha hodi. Babula ilikuwa bado inatoa moshi.
*Video yako imeondolewa kwa ombi la mwenye haki.
Onyo la kwanza kati ya matatu.*
Nimecheza mpira, kadi nazijua,
lakini refa huyu hana uso,
na uwanja ni wake, na filimbi, na nyasi.

Ukitaka kukata rufaa, jaza fomu.
*Je, kazi hii ni yako?*
Ndiyo. Hapana.
Nilikaa na visanduku hivyo viwili mpaka bukari ikaota ngozi.
Koti si langu. Radi si yangu.
Foleni ni yangu.
Ile bili ni yetu kabisa, namba na yote.
Mchuzi niliupika mimi, sufuria niliazima
bila kuomba.
Nikasogeza ukurasa chini, nikitafuta kisanduku cha tatu.

"Juu ya nini haukuchora mamba-muntu?" baba akauliza.
Sikujibu.
Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi.
"Ile saa," akasema, "si yangu.
Kalasa wa Kamalondo ndiye alimvika wa kwanza.
Alipokufa nikaendelea kuichora.
Lakini angalia zote: saa nne na dakika kumi.
Vile aliiacha."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani baba
hajui kuchora mishale ikitembea.

Jana usiku nimemkuta Bwana Ngurumo wangu.
Kijana mmoja wa Kolwezi amempandisha upya,
amekata jina langu pembeni kama mtu anayekata kucha,
Kamwanya amefanywa sauti ya mwanamume,
mama amebaki mama, analalamikia kapenta,
na watu elfu sitini wanamcheka kwa jina la mwingine.

Chini yake kuna kitufe kidogo:
*Ripoti.*
Kidole changu kiko juu yake,
kilekile kilichochora koti la watu,
kilekile ambacho hakikuchora saa.

Betri, asilimia nne.